Mashine mpya inachelewa kuwaka: pima kwanza, nunua baadaye



Mwaka huu wadogo watatu wameniuliza swali moja, kila mmoja kwa maneno yake: "Yaya, nimejijengea ordinatere mpya, kipande kwa kipande, lakini kuwaka inakamata muda sana. Ninunue nini?" Jibu langu ni moja kwa wote watatu: leo usinunue kitu. Chukua telefone yako, fungua ile saa ya kupimia sekunde, kisha keti mbele ya mashine na daftari. Nitawaeleza sababu kwa kusimulia ya kwangu, juu mimi mwenyewe nilikaribia kutupa dolari 60 bure, na nilikaribia kupoteza kitu ambacho dolari hairudishi.

1. Mashine yenyewe

Nilipomaliza masomo kazi haikuja haraka. Wengi wenu mnaijua ile njia: unaanza kuchapa TFC za wanafunzi, kusahihisha, kupanga kurasa, kuprinti. Laptopu yangu ilipokufa, niliamua kujenga mashine ya mezani kidogo kidogo, kila mwezi kipande. Kasha lilikuwa jipya, na kile kisanduku cha ndani kinacholeta kuranti kilikuwa kipya. RAM ya GB 8 na SSD ya GB 240 zilikuwa mpya pia. Ila prosesa na bodi mama, ile matekinisye wetu wanaiita karti meri, zilikuwa za okazyo: bodi ya aina inayofungwa kwenye mashine za ofisi, imefanya kazi kwa wengine miaka kadhaa, halafu ikavuka Kasumbalesa kama vitu vingi tunavyotumia hapa Lubumbashi.

Mwisho nikafunga na diski ya zamani ya GB 500, ile ya kuzunguka, niliyoitoa mu kompyuta ya nyumbani kwetu. Windows iko kwenye SSD, diski ya zamani ni ya kuwekea vitu tu. Ndani yake kulikuwa na kazi yangu ya mwisho ya chuo, kazi za wateja za miaka minne, na picha za mama. Hizo picha hazikuwa mahali pengine popote.

Mashine iliwaka siku ya kwanza, nikamshukuru Mungu. Juma la pili ikaanza tabia. Asubuhi nabonyeza kitufe, naenda kuweka maji ya chai, narudi, ekra bado nyeusi. Siku nyingine inawaka vizuri kidogo. Siku nyingine tena inalala. Halafu ikafika asubuhi ya depo ya mdogo mmoja wa chuo. Kuranti ilikuwa imekatika usiku kucha, ikarudi karibu na saa tatu. Yeye amesimama mlangoni, flashi iko mkononi.

"Yaya, depo ni saa ine. TFC iko mu mashini. Sasa mashini njo inalala?"

Alifika kwa kukimbia, alipokelewa. Lakini mimi siku ile nilipata haya, na mteja ambaye umemtia hofu namna hiyo harudi na wenzake.

2. Makosa niliyofanya kwanza

Kosa la kwanza: nilifuta Windows na kuiweka upya. Nilitumia siku nzima na megabaiti nyingi. Haikubadilisha kitu.

Kosa la pili: nilimwita tekinisye, akasikiliza dakika mbili, akasema, "Ile ni RAM njo haitoshi, muzee. Ongeza ingine nane, na ubadilishe SSD, hii ni ya bei rahisi." Hesabu yake ilifika dolari 60. Simlaumu, alisema kile ambacho wengi tunasema. Tukiona uzito, tunafikiri dawa ni kuongeza nguvu. Lakini yeye hakupima, na mimi sikumwomba apime.

Kosa la tatu ni kubwa kuliko yote mawili: kulikuwa na dalili mbele ya macho yangu, nami nikaipita. Asubuhi zile za kuchelewa, nikifungua intaneti, kila ukurasa ulikataa, ukisema muunganisho si salama. Nikawa nalaumu modemu. Kumbe pembeni mwa ekra saa ya mashine ilikuwa inaonyesha tarehe 1 Januari ya mwaka uliopita zamani. Kurasa za intaneti zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine ikiamini kwamba tuko mwaka mwingine, inaviona vyeti vyote si halali. Nilikuwa narekebisha saa kwa mkono, naendelea na kazi. Kesho yake kuranti ikikatika, tunaanza tena.

3. Kuwaka si jambo moja

Hapa njo mahali pa kuelewa vizuri, juu hapa ndipo pesa zinapotea. Tunasema "mashine inachelewa kuwaka" kana kwamba ni kitendo kimoja. Ni vitendo vitatu, na kila kimoja kina mwenyewe.

Sehemu ya kwanza inaanza unapobonyeza kitufe, inaisha pale kile kiduara cha Windows kinapoanza kuzunguka. Hapa Windows bado haijaamka. Anayefanya kazi ni BIOS, programu ndogo iliyomo ndani ya bodi mama yenyewe. Inakagua prosesa, inajaribu RAM, inaita kila diski na kungojea ijibu, kisha inatafuta wapi pa kuanzia.

Sehemu ya pili ni kutoka kiduara hadi ukurasa wa kuandika neno la siri. Hapa ni Windows inajipakia.

Sehemu ya tatu ni kutoka neno la siri hadi pale unaweza kweli kufungua faili na kufanya kazi. Hapa ni programu zako, zile zinazojiwasha zenyewe bila kuombwa.

Nilipima siku mbili. Siku ya kwanza nilizima mashine vizuri jioni, nikaacha prizi ikiwa na kuranti. Siku ya pili nilizima, nikachomoa prizi kabisa nusu saa, nikarudisha. Daftari langu lilisema hivi:

Bila kuchomoa: sehemu ya kwanza sekunde 50, ya pili sekunde 10, ya tatu sekunde 55. Jumla dakika 1 na sekunde 55.

Baada ya kuchomoa: sehemu ya kwanza dakika 2 na sekunde 35, ya pili sekunde 25, ya tatu sekunde 55. Jumla dakika 3 na sekunde 55.

Tazameni vizuri. Karibu tofauti yote iko mu sehemu ya kwanza, wakati Windows haijafungua hata jicho. Kwa hiyo ile siku nzima ya kuweka Windows upya niliitumia kumtibu asiye mgonjwa. Na RAM zaidi isingepunguza hata sekunde moja pale. Kinyume chake, RAM ikiwa nyingi BIOS ina zaidi ya kukagua.

Ile sehemu ya pili iliyopanda kutoka 10 hadi 25 pia ina maelezo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, unapoizima, Windows haifi kabisa. Inaandika kiini chake kwenye diski, na kesho yake inakisoma badala ya kuanza upya. Lakini kuranti ikikatwa ghafla, hakuna aliyeandika kitu, kwa hiyo inaanza kutoka mwanzo. Siku ya kuchomoa mimi nilikuwa nimezima vizuri, lakini BIOS ilirudi na mipangilio mingine, Windows ikaiona mashine kama imebadilika, ikaanza upya. Sekunde 15 zile nikaziacha. Mkubwa wa tatizo alikuwa kwingine.

Kama hutaki kushika saa, mashine zenye BIOS ya kisasa zinajipima zenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nenda kwenye ukurasa wa programu zinazoanza na mashine. Juu, upande wa kulia, mara nyingi utakuta sekunde ambazo BIOS ilitumia mara ya mwisho. Wanaotumia Linux wanaandika systemd-analyze, wanapata hesabu yote. Wakiongeza neno blame, wanaona kila huduma imekula sekunde ngapi.

4. Betri ya franka kidogo

Nini kinabadilika prizi ikichomolewa? Fungua kasha, tazama bodi mama: kuna betri ya duara, kama kifungo cha koti, imeandikwa CR2032. Hizo namba si za bure: 20 ni upana wake kwa milimita, 32 ni unene wa milimita 3.2. Inatoa volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa ya mashine na kushika kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS wakati hakuna kuranti.

Prizi ikiwa na kuranti, hata kama mashine imezimwa, bodi mama inapata kuranti kidogo ya akiba, na betri inapumzika. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo kuranti haikatiki, betri ile inaweza kukaa miaka mingi bila yeye kujua kwamba ipo. Kwetu ni kingine. Kuranti inaondoka saa nzima, usiku mzima, siku nyingine siku mbili. Na tukienda kulala tunachomoa vyote kwa kuogopa kuranti ikirudi na nguvu. Saa zote hizo betri njo inafanya kazi peke yake. Ongeza na miaka ambayo bodi ya okazyo imelala kwenye kontena na kwenye rafu ya duka.

Niliazima mita kwa jirani anayetengeneza redio. Betri mpya inasoma volti 3 na zaidi kidogo. Yangu ilisoma 2.1.

Basi kila mara kuranti ilipokatika, bodi ilisahau yote. Ikirudi, inaamka kama siku ya kwanza kiwandani: saa imepotea, RAM inapimwa upya kutoka mwanzo, na mpangilio wa kuanzia unarudi ule wa kiwanda. Na mpangilio wa kiwanda wa bodi yangu ulisema nini? Usitafute kwanza kwenye diski, tafuta kwenye kable ya rezo. Mu ofisi kubwa hiyo ina maana, juu mashine inaweza kupata Windows kutoka kwa mashine kuu ya kampuni. Nyumbani kwangu hakuna mashine kuu. Kuna modemu tu. BIOS inauliza, inangojea sekunde 4, inauliza tena, inangojea 8, tena 16, tena 32. Hiyo ni dakika nzima ya kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Halafu inajaribu tena kwa njia ya pili ya rezo. Baada ya hapo ndipo inakumbuka kwamba kuna SSD.

Betri mpya niliipata kwa fundi wa saa, soko ya Kenya, kwa bei ya mikate miwili. Namna ya kuibadilisha: zima, chomoa prizi, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili kuranti iliyobaki itoke, gusa chuma cha kasha ili mwili wako usiwe na umeme, sukuma kile kibano cha pembeni, betri inaruka. Ile mpya inaingia maandishi yakiangalia juu. Halafu ingia mu BIOS, kwa mashine nyingi ni Delete au F2 wakati wa kuwasha. Rekebisha saa, weka SSD namba moja, funga kabisa kuanza kwa rezo.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, piga picha kurasa zote za BIOS na telefone kabla ya kugusa kitu, zaidi sana ule ukurasa unaosema diski zinafanya kazi kwa namna gani. Ukibadilisha hapo bila kujua, Windows inaweza kukataa kuwaka. Pili, watu watakuambia pia ubadilishe programu yenyewe ya BIOS kwa ile mpya ya intaneti. Usifanye hivyo bila ondulere yenye betri nzuri. Kuranti ikikatika katikati ya kazi ile, bodi nyingi haziamki tena.

Nikapima tena baada ya kuchomoa prizi. Sehemu ya kwanza: sekunde 48. Dakika moja na sekunde 47 zimeondoka kwa bei ya mikate miwili.

5. Zile sekunde 48

Ningeweza kuacha pale. Wengi wangeacha. Lakini nilikuwa na daftari, na sekunde 48 ni nyingi kwa mashine yenye SSD. Nikafanya kitu rahisi: nikaondoa kila kisicho cha lazima, kimoja kimoja, nikipima kila mara. Nikatoa printa: 48. Nikatoa flashi: 47. Nikachomoa kable ya diski ya zamani: 13.

Nilikaa kimya kidogo.

Kumbukeni, diski ile haikuwa na Windows. Lakini BIOS inaita kila diski iliyofungwa na kungojea jibu. Diski nzima inajibu haraka. Diski inayoumwa inajaribu kusoma, inashindwa, inajaribu tena, na mashine yote inaisubiri mlangoni. Nilianza na lililo rahisi, nikabadilisha kable yake, juu kable mbovu inaleta dalili zilezile. Haikusaidia.

Diski zote za sasa zinajiandikia habari ya afya yao. Habari hiyo inaitwa SMART. Kuna programu ya bure, CrystalDiskInfo, inaisoma. Yangu ilikuwa na rangi ya njano. Mistari mitatu ya kuangalia ni 05, C5 na C6: sehemu za diski ambazo zimeharibika na kuhamishwa, zile zinazongojea kuhukumiwa, na zile ambazo haziwezi kusomeka tena. Kwa diski nzuri yote mitatu inapaswa kuwa sifuri. Zangu hazikuwa sifuri hata moja, na C5 ilipanda kati ya asubuhi na jioni ya siku ileile.

Sasa sikilizeni vizuri, juu hapa mtu anaweza kujiharibia. Windows ikiona diski namna hiyo, inakuomba ruhusa ya kuikagua na kuitengeneza. Kataa. Ukaguzi ule unaifanyisha diski kazi ya ziada, na diski inayokufa inaweza kumalizikia humo. Kwanza nakili, ukarabati baadaye kama utabaki na hamu.

Niliitoa diski, nikaifunga kwa kable ya USB kwenye laptopu ya jirani, juu laptopu ina betri yake na kuranti ikikatika kazi haikatiki. Nikanakili kwa mpangilio wa uzito: kwanza picha za mama, halafu kazi yangu ya chuo, halafu TFC za wateja. Filamu na muziki nikaacha mwisho. Ilichukua usiku mbili. Picha 6 za mama hazikufunguka. Zingine zote, 340 na zaidi, nimezipata. Sasa ziko sehemu tatu, moja kwa dada yangu.

Juma tatu baadaye nilijaribu kuiwasha diski ile tena kwa kutaka kujua tu. Ilipiga kelele ya tik tik, haikuonekana tena.

Mwisho nikafungua ule ukurasa wa programu zinazojiwasha, nikazima zile ambazo sikuziomba. Kila kitu kikaisha, nikapima baada ya usiku bila kuranti: 13, 14, na 20. Sekunde 47, badala ya dakika nne kasoro kidogo. RAM ni ileile, SSD ni ileile, dolari 60 ziko palepale. Nilizitumia kununua diski ya nje ya kuwekea nakala.

6. Kwa kifupi, kwa anayejenga yake

Pima sehemu tatu, andika. Kama uzito uko mu sehemu ya kwanza, usiguse Windows: angalia saa ya mashine, betri, mpangilio wa kuanzia, kisha chomoa diski za ziada na vifaa vya USB kimoja kimoja. Kama uko mu sehemu ya pili, angalia kama Windows kweli iko kwenye SSD, na SMART inasema nini. Kama uko mu sehemu ya tatu, punguza programu zinazojiwasha. Na ukikuta hapo kwamba RAM imejaa karibu yote, basi tekinisye aliyekuambia uongeze alikuwa na haki.

Badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, halafu pima. Ukibadilisha vitatu pamoja na mashine ikapona, hutajua kilichoiponya, na kesho utalipa vyote vitatu tena.

Na kama mashine yako ina diski ya zamani uliyoirithi mahali, usingoje ichelewe. Leo jioni, kuranti ikiwepo, fungua SMART uangalie ile mistari mitatu. Halafu nakili zile picha.